Futi Kumi na Moja za Mtaa wa Pili

Hapa Pruett ukiuliza njia, mtu hakwambii kushoto wala kulia. Anakwambia pita nyumba iliyotoka Dole, ukiiona shule iliyotoka Arnett kata kona, na maktaba ndiyo lile jengo lililokuwa benki ya Saxby. Hakuna anayeona ajabu. Majengo ya mji huu yaliyojengwa pale pale yaliposimama hayafiki nusu. Mengine yalikuja yakitembea kutoka miji ya jirani, na katika hayo zaidi ya themanini yaliletwa na mtu mmoja, Garold Ostrander, kwa lori, mihimili ya chuma, jeki na matusi.

Mimi na Garold tulifanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili. Mimi nilinunua nyumba ambazo watu wamezikimbia, nikawauzia wanaotaka nyumba bila kungoja fundi. Yeye alizing'oa huko na kuzifikisha huku. Sikumpenda wala sikumchukia. Alikuwa hodari, alikuwa msumbufu, na katika wilaya nne hapakuwa na mwingine.

Alizaliwa mwaka 1917, ndani ya nyumba iliyokuwa ikikokotwa na farasi kumi na sita kutoka Dole kuja Pruett. Baba yake ndiye aliyeshika hatamu. Aliposikia mkewe anapiga kelele hakusimama, kwa maana kwenye matope yale angesimama asingeondoka tena. Karani wa wilaya alipouliza mtoto kazaliwa wapi, baba akajibu, "Barabarani," na ndivyo ilivyoandikwa. Garold alikuwa akiwaonyesha watu hati ile kama wenzake wanavyoonyesha picha za wajukuu.

Ukubwani hakubadilika. Mkewe Maxine alikwenda mji wa Kearney kumsalimia dada yake siku nne, akarudi na basi la jioni, akakuta msingi mtupu na mabomba yametokeza. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya reli.

"Kule upepo ni mzuri zaidi," Garold alimwambia.

Maxine alivumilia mara tatu. Mara ya nne alibaki kwa dada yake, na Garold akaniuzia nyumba ile wiki hiyo hiyo bila kubishana. Jambo hilo lilinitia wasiwasi mpaka nilipopanda darini na kuikagua mbao kwa mbao. Haikuwa na kasoro. Alikuwa tu amechoka kuitazama ikiwa mahali pamoja.

Nisimlaumu peke yake. Mji wenyewe ulianza kwa kuhama. Pruett ya kwanza ilikuwa bondeni, penye kivuko cha mto, nyumba arobaini na mbili na kinu cha unga, na kila theluji ilipoyeyuka mto uliingia majikoni bila hodi. Mwaka 1886 reli ikapita maili moja na nusu kaskazini, juu ya mwinuko. Wenye reli wakatangaza kwamba kituo watakiweka Pruett au Saxby, mji wowote utakaokuwa na nyumba arobaini kando ya reli ifikapo Machi mosi ya mwaka unaofuata. Saxby wakaanza kujenga. Watu wetu hawakujenga. Walingoja ardhi igande, wakaziinua nyumba zao juu ya magogo, wakazipandisha kwa farasi na maksai Januari nzima na Februari nzima, wanawake wakipika ndani na moshi ukitoka bombani. Tarehe ishirini na nane Februari zilikuwa arobaini na moja. Kituo tukapata sisi. Saxby hawajasahau, na sisi tunahakikisha hawasahau.

Kituo chenyewe kilifungwa mwaka 1961. Nilikinunua mimi. Sasa ni banda la ng'ombe la mtu wa Dole, na treni zinazopita huchukua nafaka tu na hazimwangalii mtu.

Ninayotaka kueleza yalitokea mwaka 1988, miaka mia moja na mmoja baada ya uhamaji ule, na yalianza kwa Leota Brumbaugh. Leota alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa, mwenye nyumba ya kwanza ya Mtaa wa Pili ukitokea barabara kuu. Kati ya ukuta wake na barabara palikuwa na kiwanja cha kona, majani matupu na jembe la trekta lililoota kutu, mali ya mji tangu mhunzi wa zamani aliposhindwa kulipa kodi. Vuli iliyotangulia mji ulikiuza kwa Bwana Kettler, mtu wa Lincoln, ajenge kituo cha mafuta. Kettler akaleta mpima ardhi. Mpima akapima mara tatu, kisha akagonga mlango wa Leota na kuvua kofia kama aliyeleta habari ya msiba.

"Mama, sebule yako imo ndani ya kiwanja cha Bwana Kettler."

"Sebule yote?"

"Futi kumi na moja."

"Basi ndiyo sebule yote," alisema Leota, akamkaribisha ndani akaione.

Chanzo chake kilikuwa kwenye ramani za zamani, na mtu wa Pruett akikisikia hacheki, anainamisha kichwa. Wale wazee walifika mwinukoni wakakuta pegi za mpima zimefukiwa na theluji. Saxby wako mbioni, nani atachimba theluji? Wakahesabu hatua kuanzia kwenye nguzo ya simu ya reli. Nguzo ilikuwa futi kumi na moja mashariki ya pegi. Wakasema theluji ikiyeyuka tutazinyosha. Theluji ikayeyuka, ikawa wakati wa kupanda mahindi. Nyumba zote tatu za upande ule zikabaki zimekaa juu ya mipaka ya wenzao, na kwa kuwa zote zimekosea sawasawa, uzio ukafuata kosa, miti ikafuata uzio, na hakuna aliyejua.

Wakili alimweleza Leota bila kuzunguka. Ingekuwa ardhi ya mtu, miaka yake mingi pale ingempa haki. Ardhi ya mji haihesabiwi miaka. Baraza la mji lilimwonea huruma, lakini lilikitaka kile kituo cha mafuta kuliko lilivyomtaka Leota. Likampa muda mpaka saa sita mchana ya Mei mosi. Baada ya hapo chochote kilichosimama kiwanjani ni cha Kettler, na Kettler alikuwa ameshakodi tingatinga. Leota hakuwa na nyumba nyingine, wala mtoto wa kumkaribisha.

Alikuja kwangu Machi, mikono imo mifukoni mwa koti la marehemu mumewe.

"Twila, wewe unanunua nyumba. Ungenunua yangu?"

"Kwa Mei mosi? Ningekupa bei ambayo hungenisalimia tena."

"Ndiyo maana sikuuzii. Nataka isogee. Futi kumi na moja kuelekea magharibi, iingie kwangu."

"Kwako kuna Verlyn," nilimwambia.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kati ya ukuta wa Leota na ukuta wa jirani yake, Verlyn Stuhr, palikuwa na futi kumi na mbili tu. Ili Leota asogee, Verlyn asogee kwanza. Ili Verlyn asogee, nyumba ya tatu iondoke. Na nyumba ya tatu ilikuwa yangu, tupu, niliyoinunua kwa ajili ya sakafu yake ya mwaloni, na nimeshamwahidi Lester Hruska wa Arnett kwamba ataipata Septemba, barabara zikiwa kavu.

Nikampigia Garold simu. Nilitegemea atacheka. Mtu aliyelivusha kanisa la Saxby kwenye daraja huku mpiga kinanda akiwa ndani anapiga, ukimwambia habari ya futi kumi na moja ni kama umemwita bingwa wa mbio umtume jirani kuomba chumvi. Kweli alicheka. Alikuja hata hivyo, akalala chali akaingia chini ya nyumba ya Leota na tochi, tukabaki tunazitazama soli za viatu vyake. Zikaacha kusogea.

"Garold!" Leota aliita. "Umekufa huko?"

"Twila, ingia uone."

"Nimevaa sketi."

"Basi utakosa."

Alitoka na utando wa buibui kwenye nyusi. Hakujipangusa.

"Leota, nyumba yako haijafika."

"Haijafika wapi?"

"Hapa. Iko njiani. Hayo mawe unayoyaona pembeni ni ya kuzuia upepo, mtu kayapanga baadaye. Hayabebi hata kabati. Nyumba imekaa juu ya magogo yake mawili ya mwaloni, yale yale iliyokuja nayo kutoka mtoni, na pete za minyororo bado zimo. Hawakuishusha. Wameiegesha."

Leota alitazama ngazi za baraza lake kama mtu aliyeambiwa analala kwenye behewa.

"Miaka arobaini na miwili nadeki sakafu iliyoegeshwa?"

"Na kuna herufi kwenye gogo la kusini," Garold alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "A.O. Thelathini na moja."

Anders Ostrander alikuwa babu yake. Aliendesha maksai katika uhamaji ule, na hii ilikuwa nyumba ya thelathini na moja. Kuinua, kukokota na kushusha vilikuwa kazi moja kwa makubaliano mamoja, na babu alifanya mawili akaenda zake kuchukua ya thelathini na mbili.

Sasa lazima niseme jambo ambalo kila aliyefanya kazi na Garold alilijua. Hakuwahi kushusha nyumba. Alikagua, akainua, akakokota, lakini ikishafika juu ya msingi mpya na kilichobaki ni kuiteremsha inchi kwa inchi, kazi ya siku mbili za kuchosha, aliwaachia ndugu wawili wa Wiebe waliokuwa mafundi wake. Yeye alishawasha gari kwenda kuitazama nyingine. Wateja walilalamika. Wiebe mkubwa na mdogo walizoea. Kwa hiyo siku ile aliponiambia, "Hii nitaishusha kwa mkono wangu," nilimtazama vizuri.

"Unaumwa?"

"Yako inaondoka lini?"

"Septemba."

"Iondoke Aprili."

"Barabara ya Hruska Aprili ni uji, Garold. Na mimi sijaombwa na mtu nimwokoe mtu."

"Nitaipeleka bure."

"Utaipeleka bure, na lile ghala nililonunua Dole nalo utanihamishia bure."

"Sawa."

Hakubisha hata kidogo. Mtu asiyebisha nawe bei anataka kitu ambacho hakiko kwenye mazungumzo, na mimi nilijiambia nisiulize, nichukue ghala. Hruska naye nilimweleza kwamba nikimletea Aprili, binti yake ataolewa Juni akitokea kwenye baraza lenye nguzo nne. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Sikuhitaji kusema zaidi.

Akabaki Verlyn.

Verlyn Stuhr alikuwa kinyozi wa mji huu miaka thelathini na nane, na wakili alikuwa amemnong'oneza kwamba kwa upande wake mambo ni tofauti. Futi zake kumi na moja zilikuwa ndani ya ardhi ya Leota, ardhi ya mtu, na miaka imeshampa. Hakuna wa kumsogeza. Nilimkuta jikoni anakula mkate wa kuoka wa nyama na kabichi. Hakunikaribisha kiti, nikakaa.

"Hapana," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Hujui ninachotaka."

"Unataka nisogee kwa ajili ya Leota. Hapana. Muulize mumewe alikuwa akinyolewa wapi."

"Delmar amekufa, Verlyn. Mwaka wa tisa huu."

"Alikufa na nywele za Saxby!" Aliweka mkate chini. "Mwaka 1961, mimi nakaa mlango wa pili, hatua ishirini na tano nimezipima, yeye anawasha gari anakwenda maili kumi na nne kunyolewa na yule mpumbavu wa Saxby. Kila Jumamosi ya pili. Anapita mbele ya dirisha langu, ananiinulia kidole kwenye usukani, hujambo Verlyn. Wateja wangu wanaona. Unajua wenzangu waliniuliza mara ngapi nimemkata sikio?"

Nilikuwa nimekuja na mambo matatu ya kumpa: msingi mpya wa zege, banda la gari ligeuzwe lisiingie theluji, na mabomba. Nikayaweka akiba. Ukishajua mtu anaumwa wapi, usimpe dawa ya kitu kingine.

"Leota akisema mbele ya watu kwamba nywele zile zilikuwa mbaya?"

Verlyn alitafuna polepole. "Wapi?"

"Kwenye kahawa. Chama cha ushirika, saa tatu asubuhi, wote wakiwapo."

"Aseme mbaya kiasi gani?"

"Hilo mwachie yeye, alikaa nazo mezani."

"Na banda la gari ligeuzwe," alisema Verlyn. Nikajua kwamba imekwisha.

Leota alipoambiwa alikasirika kuliko alivyomkasirikia Kettler. Alisema hatamsema marehemu wake mbele ya wanaume wanaorusha dadu kuamua nani alipie kahawa. Nikamwacha. Siku ya pili yake nyumba yangu iliondoka kwenda Arnett, ikikwama mara mbili na kung'olewa mara mbili, na palipokuwa na nyumba pakabaki shimo na anga. Leota akawa anaiona anga ile akiwa kwenye sinki. Siku ya tatu akaja kwenye chama cha ushirika.

Walikuwapo wanaume kumi na mmoja, na Verlyn amekaa pembeni anajidai anasoma bei ya mahindi. Leota hakuomba kiti.

"Nasikia kuna mtu anataka kujua kuhusu kichwa cha Delmar."

Aliyeshika dadu akaziweka mezani.

"Alikuwa akirudi kutoka Saxby kama kuku aliyenyonyolewa na mtu mwenye haraka. Nyuma palikuwa na ngazi. Nilikuwa namkalisha jikoni na mkasi wangu wa kushonea nampunguza upande uliobaki, halafu namvika kofia twende kanisani. Miaka kumi na minane. Mmefurahi?"

"Sasa alikwenda kwa nini?" mtu mmoja akauliza.

"Alisema Verlyn anaongea mno."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Nikamtazama Verlyn, nikafikiri hapo tumeharibu. Alikunja gazeti lake.

"Hilo ni kweli," alisema. "Mimi naongea. Lakini ngazi sikuwahi kumwachia mtu." Kisha akamgeukia Garold, aliyekuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. "Wewe, lini?"

Nyumba ya Verlyn ilisogea tarehe ishirini na tano Aprili, juu ya mihimili ya chuma, bila kikombe kudondoka. Verlyn alibaki ndani akieleza kupitia dirishani kila kilichotokea, na waliokuwa nje wakimwambia Delmar alikuwa na akili. Jioni ikaanza mvua.

Ilinyesha siku nne. Garold alikuja kila asubuhi, akatia kidole ardhini, akaenda, akarudi. Alichora njia kwa viatu vyake kutoka kwenye lori lake hadi ukutani kwa Leota kama ng'ombe wanavyochora njia ya kwenda kunywa maji. Wilaya ya jirani walimwita akatazame shule ya kuuzwa, akasema hapana. Ndugu wa Wiebe waliniuliza kwa siri kama mzee ana habari mbaya kutoka kwa daktari.

Tarehe thelathini walijaribu kuingiza mihimili. Lori likazama mpaka kwenye ekseli, likachukua saa sita kutoka. Leota alisimama barazani na sanduku moja la nguo, limefungwa kamba. Kettler alikuja akaegesha ng'ambo ya barabara. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkataba na watu wa matangi ya mafuta, na tarehe ni tarehe. Nilimwendea dirishani kwake.

"Tupe siku tatu zikauke."

"Nikikupa tatu, wao watanipa sifuri. Ungekuwa mimi ungetoa?"

"Nisingetoa," nilisema. Kumdanganya kusingesaidia.

Asubuhi ya Mei mosi mvua ilikuwa imekata na ardhi ni uji vilevile. Ilikuwa saa mbili na nusu. Garold alizunguka nyumba mara mbili, kisha akasimama penye kona ya kusini akalitazama lile gogo la babu yake, na nikaona amefika alikotaka kufika.

"Toeni mihimili," aliwaambia Wiebe. "Yote. Inakwenda kama ilivyokuja."

"Juu ya mbao zenye miaka mia?" mkubwa wa Wiebe akasema.

"Mwaloni mkavu. Wewe una miaka arobaini na umeshaoza kuliko huo."

Walibomoa yale mawe ya pembeni. Wakatandika mbao nene mbele ya magogo, kuelekea magharibi, na wakahitaji kitu cha kuzifanya ziteleze. Garold aliuliza nani ana mafuta ya nguruwe. Ndani ya nusu saa kulikuwa na ndoo, makopo, na bakuli moja la kioo ambalo mwenyewe alisisitiza arudishiwe likiwa limeoshwa. Nusu ya mji ilikuwa imekuja, viatu vimejaa tope. Trekta moja iliwekwa kwenye bustani ya mbele ya Verlyn na nyingine nyuma ya nyumba yake, kamba za chuma zikapita pande zote mbili za kuta zake, zikafungwa kwenye pete zile zile za minyororo. Verlyn alikuwa katikati ya kamba mbili, barazani kwake, kimya kwa mara ya kwanza.

Saa nne na robo Garold aliinua mkono. Kamba zikakaza. Nyumba ikalia, sauti kama ya meza nzito inayovutwa kwenye chumba cha juu, halafu haikufanya kitu. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kusali kwa Kijerumani.

"Kidogo mbele," Garold alisema. "Usiibembeleze wala usiitukane. Vuta."

Ikaondoka.

Siwezi kueleza vizuri. Nimeona nyumba zikienda maili themanini na sikuwahi kuzuia pumzi. Hii ilikwenda kasi ya mtu anayejongea kitandani, mafuta yakitoka pembeni ya magogo, na Leota ndani anaonekana kupitia dirisha la jikoni, ameshika sinki kwa mikono miwili, macho mbele. Hakuwa anatazama kuta. Alikuwa anatazama nje, vitu vikipita: kona ya uzio, mti, bomba la Verlyn. Futi nne. Futi saba. Penye futi tisa gogo la kaskazini likagonga jiwe, nyumba ikasimama, na Kettler akatazama saa. Wiebe mdogo akalala tumboni kwenye tope akalichimbua jiwe lile kwa mikono. Saa tano na nusu ilikuwa futi kumi na moja na inchi tatu.

Kettler alivuka barabara na utepe wake. Alipima chini, akapima na ukingo wa paa, kama ambavyo mimi ningefanya. Kisha akaukunja.

"Iko kwake," alisema. Akaniuliza kama ninajua mtu anayenunua jembe bovu la trekta. Nikamwambia anipigie Alhamisi.

King'ora cha saa sita kilipolia watu wengi walikuwa wameshakwenda kula. Garold hakwenda. Alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Leteni jeki," alisema. "Nne. Na ile zege ya nguzo ichanganywe."

Dirisha la jikoni likafunguka.

"Unafanya nini?" Leota aliuliza.

"Nashusha nyumba yako."

"Nani kakwambia?"

"Leota, iko kwenye ardhi yako. Imefika. Sasa inatolewa magogo, inawekwa kwenye msingi kama nyumba ya mtu. Babu yangu alikubali kuishusha na hakuishusha. Mimi naimaliza leo."

"Basi mlalamikie babu yako." Aliweka viwiko dirishani. Uso wake ulikuwa mwekundu kama wa msichana aliyetoka kucheza. "Delmar aliniahidi Oregon mwaka 1946. Mwaka 1952 akaniahidi Denver, mpaka nikanunua masanduku. Nimekaa mtaa huu nikilitazama ghala lile la nafaka nalijua bati kwa bati. Leo ndiyo safari yangu ya kwanza, Garold, na imekwisha kahawa haijapoa. Usiiguse nyumba yangu. Iache ilivyo."

"Juu ya magogo?"

"Juu ya magogo."

"Upepo utapita chini."

"Umepita miaka mia, hukusikia mtu kalia."

"Lakini ukiishi hivyo," Garold alisema, na sijawahi kumsikia akitafuta neno namna ile, "ni kama hujakaa mahali."

"Ndiyo," alisema Leota.

Ndugu wa Wiebe walikuwa wameshazileta jeki. Walisimama nazo, wakimtazama Garold, kisha Leota, kisha mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyeandika sheria. Garold naye akanigeukia.

"Mwambie, Twila."

Ningeweza. Nilishaona pa kupita: amwachie Leota magogo lakini yazungushiwe zege pande tatu, yeye aseme imeshushwa, Leota aseme haijashushwa, kila mtu ale chakula chake cha mchana. Lakini nikamtazama Garold nikaona hataki suluhu. Alitaka kushinda, au angalau kuendelea kubisha. Leota naye alikuwa amevuta kiti karibu na dirisha.

"Nakupa mpaka vuli unishawishi," alimwambia.

"Nina miaka sabini na mmoja. Vuli ni mbali."

"Basi anza."

Garold alichukua jeki moja kutoka kwa Wiebe mkubwa, akaisimamisha kwenye tope chini ya dirisha, akaikalia.

"Kwanza kabisa," alisema, "kuna suala la mabomba."

Niliwaacha hapo. Kulikuwa na mtu Saxby aliyetaka milango sita ya mwaloni, na duka lake hufungwa saa nane.